Fimbo ya Mzee Drever, na Dakika Mbili Nilizonyamaza

Mzee Tammo Drever amelitumikia jumba letu la makumbusho ya manowari, hapa kando ya ghuba ya Scapa, visiwani kaskazini mwa Uingereza, kwa miaka thelathini na tisa na miezi miwili. Anastaafu rasmi leo, Jumamosi tarehe 7 Juni, saa kumi jioni, na ameshaonya kwamba hataki hotuba ndefu kwa sababu chai itapoa. Kamati imenipa mimi, Merran Heddle wa kidato cha tatu, kazi ya kuandika wasifu wake. Nilitamani kazi nyingine, na nitaitaja mbele.

Alianza kama mpaka rangi. Jumba hili lilikuwa kituo cha kusukumia mafuta ya manowari, na kuta zilikuwa bado zinanuka. Mtunzaji wa kwanza, marehemu Bwana Foubister, alimkabidhi kopo la rangi ya kijivu na vipande mia mbili na hamsini vya mbao. Kila kipande ni meli moja kati ya zile zilizopigana Bahari ya Kaskazini tarehe 31 Mei 1916, Waingereza, wengi wao waliotoka humu ghubani, na Wajerumani waliokutana nao.

Kila mwaka, tarehe hiyohiyo, vita vile huchezwa upya sakafuni mbele ya wageni. Mwenye fimbo ndefu husukuma manowari za Waingereza. Msoma saa husimama juu ya ngazi na daftari, akitangaza dakika kwa dakika na kusema anachokiona kutoka huko juu. Meli iliyozama hupinduliwa na kuachwa palepale, wala hakuna anayeiruka. Hata mbwa wa Mzee Drever hupita pembeni.

Kwa miaka kumi na mmoja Mzee Drever alipaka rangi tu, huku fimbo ikishikwa na wengine, ndipo ikawa yake. Yeye mwenyewe hukiri, "Nilimwonea wivu mwenye fimbo mpaka nikapaka meli moja upande mmoja, nikaiacha." Meli hiyo bado imo kwenye safu, ya nne kutoka mwisho. Hajawahi kuimalizia.

Wanafunzi wengi wa visiwa hivi wamejifunza vita vya baharini zaidi kutoka kwake kuliko kutoka vitabuni. Alitufundisha kwamba manowari kubwa zilizaliwa na wivu: jirani akiunda yenye mizinga kumi, wewe huna usingizi mpaka upate yenye kumi na miwili. Alitufundisha pia kwamba katika Vita vya Pili vya Dunia manowari moja ya Wajerumani, iliyojificha kwenye ghuba za Norwei, iliwafunga Waingereza wengi wakae wakiichunga, bila yenyewe kupiga mizinga sana, kwa kuwa tu ipo. Na kila tarehe 14 Oktoba hufunga jumba kwa saa nzima na kwenda ufukweni kusimama kimya, kwa ajili ya watu zaidi ya mia nane waliokufa mwaka 1939 nyambizi ilipoingia ghuba hii na kuzamisha manowari iliyotia nanga.

Sasa ile kazi niliyoitamani. Mwaka huu Mzee Drever alipaswa kumpa mtu fimbo, iwe yake moja kwa moja. Nimekuja hapa kila Jumamosi kwa miaka minne. Ninajua majina ya meli zote. Fimbo alipewa Osla Rendall, aliyeanza kuja Novemba iliyopita. Mimi nilipewa ngazi na daftari. Nilisema asante, kisha nikaenda nyuma ya jengo nikalia.

Wiki iliyopita, tarehe 31 Mei, wageni walijaa. Vita vya sakafuni vilifika saa kumi na mbili na robo jioni, dakika kubwa kuliko zote. Admirali wa Waingereza ana manowari ishirini na nne katika safu sita, ukungu umemzunguka, anauliza adui yuko wapi na hakuna anayemjibu vizuri. Lazima azifungue ziwe mstari mmoja. Mwaka 1916 admirali huyo alianzia safu ya kushoto, mbali na adui. Osla akaanzia kulia.

Niliona tangu meli ya kwanza. Nikafumba mdomo.

Manowari zikaanza kugongana. Mzee mmoja wa kisiwa cha pili akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Leo Wajerumani wanashinda bila jasho!" Watu wakacheka. Osla akaniangalia juu, uso umemwiva. "Merran," akasema, "niko wapi?"

Hapo ndipo niliposema, "Kushoto! Anzia safu ya kushoto!" Akarekebisha, na wageni wakapiga makofi.

Watu walipoanza kula mikate ya shayiri na jibini, Mzee Drever alipanda vidato vitatu vya ngazi yangu.

"Uliona?"

"Niliona, Mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Dakika mbili," akasema. "Usiku wa vita vile kuna manahodha wa Waingereza walioziona manowari za adui zikipita nyuma yao, wakanyamaza mpaka kukapambazuka. Umewashinda. Lakini usijisifu."

Nikamuuliza kwa nini fimbo ni ya Osla.

"Ana mikono mirefu. Wewe ulifikiri nini? Wewe una macho, binti. Yafungulie mdomo."

Bado ninaitamani ile fimbo, siwezi kudanganya katika karatasi hii. Lakini Osla anaisoma pamoja nanyi, na sijamwambia. Osla, niliona, nikanyamaza makusudi. Nisamehe.

Mzee Drever, tunakushukuru kwa miaka yote thelathini na tisa. Uende kwa kondoo wako kumi na wawili na mashua yako, na safari hii upake pande zote mbili. Afya isikupungukie, na upepo usiling'oe paa la zizi. Mwakani benchi la mbele ni lako.

Taarifa kutoka ngazini: tarehe 7 Juni, saa kumi kamili, meli moja inatoka ghubani. Bahari ni shwari. Nimeiona, na nimesema.