Mama Geji, Fundi wa Pampu za Mafuta za Ndege

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofanya kazi na dada yetu, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda ripoti yenye mapengo, nitajitahidi nisiruke kitu, hata yale ambayo wengine wangependa niyaruke.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 11 Mei 1954, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya tatu kutoka kwenye mnara wa maji. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano. Baba yetu alipaka grisi magurudumu ya mabehewa, na mama alishona sare za shule. Alipokuwa na miaka tisa, mama alirudi kutoka sokoni akakuta jiko lake la mafuta la kupampu limelazwa juu ya gazeti, vipande kumi na saba, vimepangwa kwa safu.

"Leo tutakula nini, wewe mtoto?"

"Lilikuwa linapumua vibaya, mama."

Kijingozi cha ndani ya pampu kilikuwa kimekauka. Alikilowesha kwa mafuta, akalifunga jiko, likawaka bluu. Tulikula saa kumi jioni siku hiyo, na mama alikasirika mpaka alipoonja.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya maghala ya reli kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, kisha sekondari ya wasichana hadi 1972. Januari 1973 aliingia chuo cha ufundi kusomea injini za ndege. Darasa lilikuwa na watu ishirini na sita, mwanamke ni yeye peke yake. Choo cha wanawake kilikuwa ng'ambo ya barabara, na kila aliporudi mwalimu wa injini alimuuliza mbele ya wote, "Dada, ulikuwa safarini?" Naye alijibu, "Nimerudi salama, mwalimu," akakaa. Alimaliza Novemba 1976 akiwa wa pili. Aliyekuwa wa kwanza yuko hapa leo, na amesema tuandike kwamba matokeo yale yalimshangaza hata yeye.

Jumatatu tarehe 4 Julai 1977 alianza kazi katika karakana ya uwanja wa ndege, kitengo cha pampu na vidhibiti vya mafuta. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe nusu, na kilinuka mafuta ya taa mpaka kwenye chai. Katikati palikuwa na meza ya majaribio yenye geji kumi na nne. Aliweza kuzisoma zote akiwa amesimama mlangoni, ndiyo maana wenzake wakamwita Mama Geji kabla hata hajawa mama wa mtu.

Mwaka 1981 aliletwa fundi seremala kutengeneza rafu za vipuri. Rafu zilikuwa sita, na zilimchukua wiki tatu. Msimamizi alipouliza kulikoni, seremala alisema mbao ni mbichi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Desemba mwaka huo huo. Mungu aliwajalia watoto watatu. Wa kwanza, mvulana, alifariki mwaka 1986 kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne. Dada hakumzungumzia sana. Lakini katika kila fomu iliyouliza idadi ya watoto, hadi mwisho, aliandika watatu.

Sasa nafika mahali ambapo yeye mwenyewe aliagiza pasomwe.

Jumanne tarehe 12 Machi 1991 alikuwa akifunga kidhibiti cha mafuta cha ndege ya injini mbili. Kifaa hicho kina skrubu ndogo inayozuia mafuta yasiitangulie hewa pale injini inapoongeza kasi. Ukishairekebisha, unaifunga kwa waya mwembamba ili mtikisiko usiilegeze. Alikuwa ameukata waya kwa kipimo, ameushika mkononi, alipoitwa ofisini kwenye simu. Mama yetu alikuwa amelazwa. Mimi ndiye niliyepiga simu ile. Aliporudi mezani aliona kifaa kimekaa kama kilichomalizika. Akatia sahihi, akakimbia hospitali.

Ijumaa tarehe 22 Machi ndege ile iliruka na abiria thelathini na mmoja. Haijafika mbali, injini ya kulia ikapiga mshindo, ikatoa moto kwa nyuma. Rubani aliizima, akageuza, akatua kwa injini moja. Wote walitoka hai, ila bibi mmoja alianguka akishuka haraka, akavunjika mfupa wa bega. Uchunguzi ulipoanza, karatasi za karakana zilikutwa safi na zina sahihi. Ilisemekana skrubu ilisogea na waya ukapotea wachunguzi walipokuwa wakiifungua injini. Lawama zikamwendea rubani: kwamba alisukuma leva ya nguvu kwa pupa. Akasimamishwa kazi.

Jumamosi tarehe 13 Aprili dada alikuwa akifua koti lake la kazi. Alipoingiza mkono mfukoni alitoa kipande cha waya, kimekatwa kwa kipimo, hakijasokotwa. Mumewe anasema alimkuta amekaa chini kando ya beseni, povu limeshakauka mikononi.

"Nini tena, mama watoto?"

"Ni mimi," alisema. "Si yule rubani. Ni mimi."

Shemeji yetu si mtu wa maneno. Hakumwambia autupe, wala hakumwambia apeleke. Alimalizia kufua koti lile. Jumatatu asubuhi alilipiga pasi, akampakia mkewe kwenye baiskeli mpaka kwenye geti la uwanja wa ndege, na akamsubiri pale nje hadi saa tisa.

Ndani, dada aliuweka waya juu ya meza ya wachunguzi. Mwenyekiti alimuuliza, "Nani amekutuma?"

"Hakuna, mzee. Nimekuja kusema kosa ni langu."

Walimnyang'anya leseni kwa miezi kumi na minne. Hakufukuzwa. Aliwekwa sehemu ya kuosha vipuri, na kazi yake ikakaguliwa na vijana aliowafundisha mwenyewe kushika bisibisi. Mmoja wao aliniambia jana kwamba alikuwa akiona aibu kumpa amri, mpaka dada alipomwita pembeni: "Nikague kama mtu mwingine. Ukinionea haya, utakuja kuua mtu."

Rubani alirudishwa kazini. Wiki ile ile alibisha hodi nyumbani kwa dada. Nilikuwepo. Alikataa kiti mara mbili, kisha akakaa.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nataka kujua nini kilitokea mle ndani. Mwezi mzima najiuliza kuhusu mkono wangu."

Dada alichukua daftari la binti yake, akageuza jalada, akaanza kuchora.

"Pampu haijui kiasi," alimwambia. "Kazi yake ni kusukuma. Mafuta yanatoka kwenye tangi, yanapita kwenye chujio, halafu meno ya gia mbili yanayachota na kuyasukuma kwa nguvu. Na siku zote inasukuma mengi kuliko injini inavyohitaji. Anayepima ni kidhibiti. Wewe ukisukuma leva humwagi mafuta, unaomba. Chenyewe kinaangalia injini inazunguka kwa kasi gani, na hewa inayoingia ni nzito au nyepesi, ndipo kinafungua njia kidogo kidogo. Yanayobaki kinayarudisha kwenye pampu."

"Na siku ile?"

"Uliomba vizuri. Skrubu ilikuwa imelegea, kikakupa kupita kiasi. Moto ukaizidi hewa, hewa ikakwama na kurudi nyuma. Ule mshindo ulikuwa ndio huo."

"Na mafuta yangepungua?"

"Moto ungezimika tu, kimya."

Rubani aliutazama mkono wake wa kulia. "Kwa hiyo haukukosea."

"Haukukosea. Uliokosea ni wangu."

Alikunywa chai, akaomba lile jalada la daftari, akaondoka nalo. Hakuwa rafiki wa familia baada ya hapo, na hatutasema uongo mbele ya jeneza kwamba alikuwa.

Yule bibi aliyevunjika alikuwa tofauti. Dada alipokwenda kumwomba radhi, bibi alimwacha aongee mpaka mwisho, kisha akasema, "Umemaliza? Basi njoo unisuke nywele, huu mkono haupandi." Akamsuka kila Jumamosi, wiki saba. Wajukuu wa bibi yule wamekaa pale nyuma. Karibuni sana, mbele bado kuna viti.

Leseni yake ilirudishwa Juni 1992. Tangu siku hiyo aliweka utaratibu kwamba waya wowote utazamwe na watu wawili, na aliyekatizwa kazi aanze hatua ile upya. Alistaafu tarehe 30 Mei 2014. Wenzake wanasema hakuwahi tena kusoma geji akiwa mlangoni. Alisogea karibu, akainama.

Mwaka 2017 kidole gumba cha kulia kilianza kutetemeka, na Agosti daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson. Kwa mtu aliyekuwa akipenyeza waya kwenye tundu dogo kuliko la sindano, ilikuwa vigumu. Alikataa kulishwa kwa miaka mitatu. Siku ambayo hatimaye alimwachia binti yake kijiko, alimwambia, "Polepole. Usisukume zaidi ya ninachomeza." Walicheka wote wawili, halafu binti akaenda kulia jikoni. Januari mwaka huu alipata nimonia. Alilazwa tarehe 27, wodi ya pili, kitanda cha dirishani.

Alituacha Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka sabini. Mumewe alikuwa ameishika mikono yake yote miwili. Anasema alijua kabla ya muuguzi, kwa sababu ilitulia.

Marehemu ameacha mume, fundi seremala, aliyelitengeneza jeneza hili kwa mikono yake na hakukubali msaada; binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni mwalimu wa hesabu, wajukuu watano, na sisi wadogo zake wawili. Ametanguliwa na baba, mama, kaka zetu wawili na mtoto wake wa kwanza, ambaye kando ya kaburi lake ndipo marehemu atazikwa.

Nimeambiwa wasifu husomwa kwa kusema "marehemu", nami nimejitahidi. Sasa naomba mniruhusu mara moja tu. Dada, mama alipona ile Machi. Alitoka hospitali baada ya siku nne, akaishi miaka kumi na mmoja zaidi. Kila mwaka nimejiambia kwamba ningeweza kusubiri jioni ndiyo nipige simu. Niliwahi kukuambia hivyo, nawe ukanijibu, "Ungesubiri, nisingekusamehe." Nimekuja nalo jibu hilo hadi hapa.

Upumzike kwa amani, dada yangu.