Umeboshi Anatuaga kwa Jina Lake

Tarehe 31 Machi, Bi. Chizuko Orihara anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kuchora milima, mawingu na mvua katika studio yetu ya michezo ya video hapa Osaka. Mto wake bado uko kitini, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuondoa.

Alianza enzi ambazo wakubwa waliogopa wapinzani wasije wakawanyakua wachoraji wao. Kwa hiyo majina yalipopita kwenye skrini mwisho wa mchezo, kila mtu alikuwa na jina la bandia. Yeye, ambaye chakula chake cha mchana hakikukosa plamu ya chumvi kutoka shamba la kwao Minabe, akaitwa Umeboshi, jina la plamu hiyo hiyo. Mama yake aliwakalisha wajukuu wamalize mchezo mzima ili aone jina la binti yake. Alipoliona, akapiga simu: “Nimekusomesha kote huko, uje uitwe achari?”

Tangu hapo mama huyo anangoja kuliona jina halisi la binti yake. Sasa ana miaka tisini na mmoja.

Mwaka jana mfuko wa uwekezaji wa serikali ya ng’ambo ulitununua. Tusijifanye hatukufaidi: paa lililovuja limezibwa, na Mlima wa Kengele, mchezo uliokwama miaka minne, umekamilika. Wamiliki wapya wakaruhusu majina halisi. Bi. Chizuko, aliyeuchora mlima wenyewe, akaomba lake lifutwe.

“Mlima nawaachia,” alisema kikaoni, “ila jina langu halitaipamba serikali inayofunga wachoraji.”

Mkurugenzi Sugimori akambembeleza, basi walau Umeboshi?

“Hata achari ina heshima yake, bosi.”

Tulicheka, kisha jina likafutwa.

Mimi niliyeketi kando yake miaka kumi na minane nililiacha langu lipite kwenye skrini. Kila likipita nalitafuta lake chini ya langu. Najua halipo, na bado nalitafuta. Nazitamani siku zile tulipoitwa majina ya vyakula. Wakubwa wakiuliza nani kaandika haya, watazame mstari wa tisa wa majina ya Mlima wa Kengele.

Bi. Chizuko, asante kwa kila wingu. Maua ya plamu yameshapukutika Minabe, lakini ukirudi kwenu utayawahi matunda. Tunakuombea afya, na mikono isiyo na haraka.

Nakala moja ya jarida hili la studio imekwenda huko kwa mama yake kwa posta, kwa herufi kubwa, miwani isipate taabu. Mama, binti yako ni huyu: Chizuko Orihara. Mlima ule kauchora yeye.