Ardella Gaines na Kambi ya Ziwa Wendell

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi mliolala kwenye vibanda vya kambi yetu mkiwa watoto na leo mmekuja na wajukuu, mimi ni Lucinda, binti wa kwanza wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha yake, ambayo hakuna aliyeweza kuyatenganisha na kambi, ingawa waliojaribu ni wengi.

Marehemu Ardella Pettway Gaines alizaliwa Detroit tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa mzee Roscoe Pettway, fundi wa kiwanda cha magari, na Bi. Ola, mpishi wa shule. Mwaka 1947 kambi tatu za kiangazi zilimkataa kwa sababu ya rangi yake, babu akanunua ekari kumi na moja za tope na mbu kando ya Ziwa Wendell, akajenga vibanda vinne, na mwaka 1949 akapokea watoto kumi na wanane wa mtaani kwake.

Mama alimaliza sekondari mwaka 1956, akasomea ualimu, na kuanzia 1960 hadi 1994 alifundisha hisabati, lakini kila Juni, shule ikifungwa asubuhi, mchana gari liko njiani kwenda ziwani.

Julai 1961 Wazungu wenye nyumba za ng'ambo ya ziwa walifunga kamba ya maboya mbele ya gati letu, watoto wetu wasivuke. Tarehe 19, saa nne asubuhi, mama aliingia majini na watoto ishirini na sita, babu akiwafuata kwa mtumbwi, wakapita chini ya kamba, na bwana mmoja akapiga kelele kutoka kwenye gati lake, "We binti, huoni kamba?"

"Naiona, bwana, imefungwa vizuri," mama akajibu bila kuacha kuogelea. "Watoto, vuteni pumzi!"

Kila mtoto aligusa gati la yule bwana, wakageuza, na wakafanya hivyo kila asubuhi hadi tarehe 30 Agosti, kamba ilipoondolewa. Hakuna aliyeomba radhi, naye hakukaa kuisubiri.

Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa na Thaddeus Gaines, fundi bomba, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Everett na Noreen. Baba alitutoka mwaka 1998.

Tarehe 3 Agosti 1974 bwalo la chakula liliteketea, na mkuu wa polisi akamwambia, "Bibi, funga, warudishe watoto kwao." Mama akasema, "Watoto hawajanywa chai," akaweka bati juu ya mawe, akakaanga chapati za maji za watoto hamsini, na kambi haikupoteza hata siku moja.

Mwaka 2009 ilikuja kampuni ya kujenga hoteli, Everett akataka tuuze, nami, nalisema mbele yenu, nilimuunga mkono. Everett alimwambia, "Mama, una miaka sabini na moja." Akajibu, "Na kambi ina sitini, kwa hiyo mimi ndiye mkubwa, na mkubwa hajamaliza kuongea." Wiki iliyofuata aliandikisha kwa wakili kwamba ardhi ile haitauzwa na yeyote kati yetu, na kwa miezi minne hatukusemeshana. Leo namwambia mbele ya jeneza lake kwamba nilikosea.

Aliugua figo kuanzia 2019, akafariki nyumbani tarehe 27 Mei 2023, akiwa na miaka themanini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ukali wake, majirani waliotuletea chakula, na walimu wenzake waliosafiri kutoka mbali. Na ninyi mliopiga simu kabla hata hatujachimba kaburi, mkiuliza kama sasa tunauza, jibu ni hili, kambi inafunguliwa Jumapili tarehe 18 Juni, watoto sitini na wanne wameshaandikishwa, mpishi ni Everett, na mwalimu wa kuogelea ni mimi.

Mama, pumzika kwa amani, sisi hatupumziki.