Maji ya Vidole Vinne

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, ukutani pa jengo la ghorofa moja, kati ya mlango wa duka la dawa na ngazi ya kupandia juu. Ubao umebonyea katikati kwa uzito wa watu wasio na haraka. Mwuza kahawa hukaa upande wa ngazi na birika lake, humimina bila kuulizwa, na hakuna jambo lililowahi kupita mbele ya benchi hilo likaenda zake bila kusahihishwa. Hapo wametibiwa wagonjwa ambao hakuna aliyewaona, na madaraja ya mbali yamebomolewa na kujengwa upya kwa mdomo kabla kahawa haijapoa. Alhamisi hiyo palikuwa na ndoo. Ndoo ya buluu, na ndani yake samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kipuliza hewa cha betri kikikoroma kama mzee mwenye pumu. Mwenye ndoo alikuwa Shemeji.

Jina lake analo, limo kwenye kitambulisho, ila mtaani humo halijawahi kupata kazi. Mkewe alizaliwa katika jengo hilo, akakulia humo, akaolewa humo. Yeye ndiye aliyekuja na sanduku. Kwa kuwa mkewe ni Dada wa mtaa mzima, yeye akawa Shemeji wa mtaa mzima, hata kwa watoto waliozaliwa baada ya harusi yake. Na vitu vya ndani vikafuata mkumbo: redio ya Dada, pazia za Dada, samaki wa Dada.

Samaki wa Dada ndio hao waliokuwa kwenye ndoo.

Dada alikuwa na tangi dogo la maji ya chumvi, mezani karibu na dirisha. Ndani yake mlikuwa na mchanga, mawe, na matumbawe aliyoyapata yakiwa vipande vya ukubwa wa kidole, sasa yamefumuka kama ngumi zilizokunjuliwa, mengine ya zambarau, mengine ya kijani. Hakuwa na mbwembwe nayo. Alipima chumvi, akabadilisha maji kidogo kila juma, akafuta kioo, basi. Mama yake alipovunjika nyonga akaenda kumuuguza, akamwachia mumewe kazi mbili tu: chakula cha kubana kwa vidole viwili kila asubuhi, na maji yakishuka kwa joto aongeze maji yasiyo na chumvi mpaka kwenye alama, kwa sababu kinachopaa ni maji, chumvi hubaki pale pale. Kingine chochote, alisema mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango, usikiguse. Angerudi Jumamosi.

Shemeji aliyashika hayo kama amana mpaka hoteli moja ilipofungwa na vyombo vyake vikauzwa. Miongoni mwa vyombo hivyo kulikuwa na tangi la kioo ambalo mtu mzima angelala ndani akanyoosha miguu. Lilipandishwa ngazi na wanaume sita na matusi mengi, likachukua ukuta mzima wa sebule. Shemeji alilitazama usiku kucha. Alimwona akilini Dada akifungua mlango Jumamosi, akisimama na mkoba begani, akisahau kuutua.

Sasa bwana, anayenunua tangi la namna hiyo akashuka na mawazo yake kichwani mpaka benchi lile, yamkute yatakayomkuta.

Wa kwanza kulishika suala alikuwa Injinia, ambaye hutengeneza majokofu na huamini kuwa kila kitu duniani ni jokofu lililokosa gesi. Alfajiri hiyo alikuwa ameamua kwamba samaki hawapendi maji mageni, kwa hiyo maji yote ya tangi dogo yahamishiwe kwenye kubwa, na mawe na matumbawe yafuate, ili nyumba ihame na harufu yake. Shemeji akatii. Alichota mpaka kiuno kikamkataa. Alipomaliza, tangi dogo lilikuwa kavu, na lile kubwa lilikuwa na maji ya vidole vinne.

Vidole vinne. Matumbawe ya Dada yalilazwa ubavu humo kama wagonjwa waliokosa vitanda, yamejikunja, rangi zimekimbilia ndani. Samaki hawakuwa na pa kugeukia, ndipo wakaingia kwenye ndoo. Na kwa kuwa Shemeji hakuweza kuwaacha juu peke yao, wala hakuweza kuliacha benchi bila kusikia litakaloamua, akashuka na ndoo.

Injinia hakutikisika hata kidogo. Alisema hesabu yake ilikuwa sahihi, kosa lilikuwa la tangi.

— Sasa unajazia, alisema. Bahari ni nini? Maji na chumvi. Maji bombani, chumvi dukani. Tusitishane.

— Chumvi ya dukani imekufa, alisema Nahodha.

Huyu Nahodha alikata tiketi za kivuko maisha yake yote, kwenye kibanda cha nchi kavu, na inasemekana siku moja alipolazimika kukipanda alitapika kabla hakijang'oa nanga. Alieleza polepole, kwa huruma ya mjuzi, kwamba chumvi ili imfae samaki lazima iwe imewahi kuona mawimbi. Ya jikoni haijui kitu, imezaliwa kwenye pakiti.

Shemeji alidokeza kwamba aliyemwuzia tangi alitaja chumvi maalumu, ya kupimwa, na akasema tangi kubwa huwa tulivu kuliko dogo lakini kwanza lazima likae na maji, mchanga na mawe majuma kadhaa, pampu ikizunguka, bila samaki hata mmoja, mpaka maji yakomae.

Walicheka mpaka ubao ukalia. Wakili alijifuta macho. Wakili hubeba mafaili mahakamani, kutoka chumba hiki mpaka kile, na yaliyomwingia kichwani njiani ndiyo hayo anayoyatoa.

— Yaani ujenge nyumba, halafu ulale nje mwezi mzima ukiisubiri ikomae? Shemeji, umeuziwa tangi au umeuziwa subira?

— Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, alisema Injinia.

— Mwana gani tena? aliuliza Nahodha.

— Yeyote. Methali haichagui.

Mwuza kahawa aliona jua limekifikia kitako cha ndoo, akaisukuma kivulini kwa kisigino bila kuacha kumimina. Shemeji aliinamia ndoo. Jike, yule mkubwa, alikuwa amekaa karibu na povu la kipuliza hewa, mdomo juu. Dume alikuwa chini, akienda kombo kidogo kila alipogeuka, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Tangu jana hawakuwa wamekula. Alitaka kusema jambo hilo, ila Nahodha alikuwa tayari amesimama, na Nahodha akisimama hukaa tu baada ya kupigiwa makofi.

Alisema wote wamekosea tangu mwanzo. Baharini maji hayakai kimo kimoja. Hupwa, hujaa. Kiumbe wa bahari aliyenyimwa kupwa na kujaa hupotewa na akili, hajui saa ya kula wala ya kulala. Kwa hiyo tatizo wanaloliona si tatizo.

— Hayo ya vidole vinne si maji machache, Shemeji. Hayo ni maji kupwa.

Wakili alipiga makofi.

— Na yatajaa lini? aliuliza Shemeji.

— Hilo ni suala la mwezi, alisema Nahodha, akakaa.

Hapo mambo yaliachia breki. Injinia, asiyekubali kupitwa, alidai basi ufungwe mtambo wa jokofu kubwa wa kutikisa tangi kutwa, uwe wimbi. Wakili alihofia umeme kukatika. Akashauri anunuliwe mkunga, yule samaki wa umeme, atiwe kwenye kona, umeme ukikatika achokozwe kwa fimbo. Nahodha aliuliza mkunga huyo akiwala hawa wawili je. Wakili alijibu kuwa hawa ndio wenyeji, yeye ni mgeni, na mgeni njoo mwenyeji apone. Wakakubaliana pia kwamba matumbawe ni mawe tu yenye maringo, hata tofali lililopakwa rangi lingefaa, na samaki asingeona tofauti kwa kuwa macho yake yako pembeni.

Shemeji alikuwa akisikiliza kila mmoja kwa zamu, shingo ikienda huku na huku. Kila wazo jipya lilimpa nafuu ya dakika moja, kama dawa ya maumivu. Tangu alfajiri alikuwa amepanda ngazi mara chungu nzima: kupima urefu kwa ajili ya mtambo, kuhesabu soketi, kutazama kama matumbawe yangali ya zambarau. Hayakuwa. Simu yake ilikuwa imeita mara moja, mkewe, na Wakili akamshika mkono. Usipokee jambo halijakamilika, alimwambia. Asiyekuwepo na lake halipo.

Ndipo akatoka yule msichana mpya wa duka la dawa. Ana siku chache tangu aanze kazi, bado huvaa koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote. Alikuwa amekuja kuchukua kahawa.

— Shikamooni.

— Marahaba, walisema wote, kwa sauti ya watu waliokatizwa katika shughuli za dola.

Aliiona ndoo, akachuchumaa. Aliwatazama samaki kwa muda. Wakili alimweleza kwa kifupi, maana yake kwa urefu: tangi kubwa, maji kupwa, mkunga. Msichana alisikiliza akiwa vile vile amechuchumaa.

— Samahani kaka, alimwambia Shemeji. Lile dogo walilokuwa wakikaa, lilikuwa na kasoro gani?

Injinia aliinua kikombe, akanywa kahawa iliyokuwa imekwisha. Wakili alitazama barabarani kana kwamba shahidi wake angetokea huko. Nahodha alisema inategemea na mtu anavyolitazama suala, halafu hakueleza anavyolitazama yeye. Msichana alingoja kwa adabu. Hakuwa amewategea, alidhani ni jambo ambalo wanalijua.

Shemeji ndiye peke yake aliyekuwa na jibu, na lilikuwa jibu ambalo halisemeki mbele ya kahawa. Lile dogo halikuwa na kasoro. Lilikuwa la Dada, hiyo tu. Kubwa lingekuwa lake. Watu wangepanda ngazi kulitazama, na yeye akishatoka chumbani mmoja angemwuliza mwenzake, hivi huyu bwana anaitwa nani?

— Halikuwa na kasoro, alisema.

Akaishika ndoo kwa mpini, mkono mwingine chini, akainuka.

— Wapi sasa? aliuliza Injinia. Hatujamaliza.

— Kurudisha maji.

Walimpigia kelele mgongoni akipanda: kwamba maji yaliyomwagika hayazoleki, kwamba atawachanganya samaki, kwamba mwanamume harudi nyuma. Alipanda taratibu, akihesabia kila ngazi kwa kisigino, maji yasicheze.

Alirudisha mawe kwanza, makubwa chini, kama alivyokumbuka. Kisha matumbawe, moja moja, akiyasimamisha. Kisha maji, kwa kikombe, hadi tangi la hoteli likabaki na unyevu tu pembeni na tangi dogo likakaribia alama. Palipungua kidogo, kile kilichomwagika sakafuni asubuhi. Alitaka kujazia. Akasita na kikombe mkononi, kwa sababu kilichopungua safari hii hakikupaa kwa joto, kilimwagika na chumvi yake, na hakujua kipi ni kipi, na mtu wa kumwuliza alikuwa mmoja tu. Akaliacha hivyo. Aliwasha pampu, akawashusha samaki kwa viganja. Jike alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiwe lake. Dume alilala kwenye mchanga kwa ubavu, mashavu yakifunguka na kufungwa, kufunguka na kufungwa.

Simu ikaita. Mkewe.

Chini ya dirisha benchi lilikuwa limekwisha kupata kazi mpya. Injinia alikuwa akisema yeye alimwonya tangu asubuhi kwamba tangi dogo lilitosha. Wakili alikuwa akipanga namna Dada atakavyoambiwa, kwamba umeme ulikatika, au maji ya mfereji yalikuwa na dawa. Jambo la msingi ni kwamba Shemeji asikiri kitu. Nahodha aliunga mkono, akaongeza kimbunga. Shemeji, wakaita, Shemeji, usipokee kwanza, njoo tukuelekeze cha kusema.

Alifunga dirisha, akakaa sakafuni karibu na kioo ili aendelee kumwona yule dume, akapokea.