Aliyepiga King'ora Bila Baruti

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyinyi mliokuja kuangalia nani analia na nani halii, tulieni, mimi ni dada wa marehemu, nimemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, na familia imenituma nisome maisha yake kwa sababu vijana wangeyasoma kama wanatangaza mpira.

Marehemu ndugu yetu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Honi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ile ile inayotazama machimbo ya mawe, akiwa kitinda mimba, na mama alikuwa akisema alilia kwa nguvu hata mkunga akamkabidhi haraka haraka, kwa hiyo asije mtu akaniambia kelele alijifunzia kazini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza mwaka 1965, hesabu aliziweza, mwandiko haukusomeka, na tarehe 12 Januari 1970 aliajiriwa machimboni kupasua mawe kwa nyundo, hadi mwaka 1978 alipopewa kazi ya king'ora, kwamba kabla fundi baruti hajalipua mwamba, Honi anapiga king'ora, na sisi wa mitaa ya nyuma, ambako kuta hupasuka na mawe huruka mpaka juu ya mabati, tunaacha kila kitu na kwenda uwanja wa shule, tunasimama pale mpaka apige mara ya pili, ndipo tunarudi kufagia vumbi.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 na wifi yangu huyu aliyekaa mbele, mwanamke mvumilivu, maana kuishi na mtu anayeongea utadhani king'ora bado kimewashwa si mchezo, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza muuguzi, wa pili fundi cherehani, na wa mwisho dereva wa lori, ambaye kelele za baba yake amezirithi zote.

Sasa nakuja kwenye lile mnalolisubiri, msisukumane.

Mwaka 2011 ilitoka sheria kwamba fungu la mapato ya mawe lirudi kwa wanaokaa jirani na machimbo, tukashangilia, kumbe tumewahi mno, maana ofisi ya machimbo ilileta ramani yenye mstari mwekundu, na ndani ya mstari ulikuwemo mtaa wa mbele tu, ule wa lami na nyumba za wakubwa, ambako hata kikombe hakitikisiki, na sisi tunaokula vumbi tukaandikwa kuwa tuko mbali, na mwenyekiti wa mtaa wa mbele, yupo, nimemwona ameketi karibu na feni, akatuambia, nyinyi vumbi mnalisikia kwenye redio.

Tarehe 9 Agosti mwaka huo akaja ofisa wa serikali kuidhinisha ramani ile, kikao kikafanyika kwenye kantini ya machimbo, inayotazamana na uwanja wa shule, siku ambayo hakukuwa na ulipuaji wowote, Honi amesimama mlangoni kwa kuwa hakupewa kiti, na ofisa alipochukua kalamu atie sahihi, ndugu yangu akatoka kimya kimya, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwatisha, akapanda kibandani kwake akabonyeza king'ora.

Jamani! Watu walitoka! Msusi alitoka na mteja wake aliyesukwa nusu kichwa, seremala na misumari mdomoni, wazee wamebebwa mgongoni, mimi mwenyewe nilitoka na taulo na povu la sabuni kichwani, na waliocheka siku ile nawaona, uwanja ukafurika mpaka magolini, na kule mtaa wa mbele hakuna aliyenyanyuka, walikuwa wanakunywa chai wakaendelea kunywa chai, ofisa akasimama dirishani na kalamu yake akauliza, hawa wote wametoka wapi, na Honi, aliyekwisha kurudi huku anahema, akamjibu, hao ndio walio mbali, bosi.

Kalamu ilirudi mfukoni!

Tarehe 15 Agosti alifukuzwa kazi kwa kupiga king'ora bila baruti, wala hakubisha, alisema kosa ni kosa, king'ora si filimbi ya refa, akaanza kuziba pancha za baiskeli barazani, na wifi akamnunia mwezi mzima, ambao kwa wifi yangu ni msamaha wa haraka, lakini mstari ulichorwa upya, ukaongeza kila nyumba ambayo watu wake hutoka king'ora kikilia, na mwaka 2014 fungu la kwanza likaingia, nasi tulipotaka kuwanyima wa mtaa wa mbele, Honi akakataa, akasema, tukiwatoa tutakuwa tumeazima kalamu ile ile.

Aliitumikia kamati ya mgawo kwa ukaidi, akitaka kila kinachoingia kitangazwe uwanjani kwa sauti, na mimi niliposema tujenge kwanza ofisi ya kamati, akaniuliza mbele za watu, dada, hivi ofisi inatibu kikohozi? Sikumsemesha wiki nzima, na badala ya ofisi ikajengwa zahanati.

Kikohozi chenyewe alikuwa nacho yeye, vumbi la mawe lilikuwa limekaa mapafuni, na zahanati ilipofunguliwa tarehe 3 Juni 2019, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulazwa, akasifu kitanda, akatukana mto, akaruhusiwa, akarudi, mpaka alipofariki humo humo tarehe 21 Septemba mwaka huu, saa nne asubuhi, akilalamika kwamba kijana aliyemrithi anakikatisha king'ora mapema.

Tunamshukuru daktari wa zahanati, ambaye hakutuficha kitu, wauguzi waliovumilia ulimi wake, majirani wa nyuma mlioleta viti na wa mbele mlioleta feni, na wafanyakazi wenzake wa machimboni mtakaobeba jeneza, lishikeni vizuri.

Meneja wa sasa amekubali, na hili nimelipigania mwenyewe, kwamba jeneza likishushwa, king'ora kitalia mara moja, bila baruti, kwa hiyo wa mitaa ya nyuma msikimbie, na nyinyi wa mtaa wa mbele, leo angalau nyanyukeni.

Na wewe, ndugu yangu, kikilia usiamke, leo si zamu yako, pumzika kwa amani.