Leland Prokop, Fundi Aliyerudisha Ukuta

Ijumaa, tarehe 28 Februari 2025, Leland Prokop atavua mkanda wake wa zana na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kukarabati nyumba za watu wa Erie, Pennsylvania, ili ziuzwe kwa bei nzuri. Jioni hiyo tutamuaga katika ukumbi wa zimamoto, kwa samaki wa kukaanga na saladi ya kabichi, kama tunavyokula pale Ijumaa nyingine zote. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu mimi ni mpaka rangi wa kampuni, na mpaka rangi huingia mwisho, wenzake wakishamaliza kugombana. Wenzangu walitaka uwe wa kuchekesha. Nimejitahidi mpaka katikati, hapo mbele mtanisamehe.

Leland alianza kazi enzi za marehemu mzee Stahl, aliyeendesha kampuni hii kutoka kwenye gereji ya nyumbani kwake kabla ya kumwachia binti yake, bosi wetu Gwen. Leland alitoka kiwanda cha chuma, watu walipopunguzwa kazi. Chuma alikijua, mbao hakuzijua kabisa. Wiki ya kwanza alipewa mlango wa bafu aupunguze upande wa chini, akaupunguza upande wa juu. Alipoona umekaa vibaya akakata na chini pia, mambo yalingane, na tangu siku hiyo paka wa nyumba ile hakuhitaji kufunguliwa mlango. Mzee Stahl alicheka hadi akaketi sakafuni. Hakumfukuza, na hiyo ndiyo akiba kubwa aliyotuwekea.

Maana kijana yule aligeuka kuwa na jicho la mnunuzi. Tulikuwa tukifika naye kwenye nyumba inayotaka kuuzwa, yeye anasimama mlangoni kimya, kofia mkononi, kana kwamba ndiye aliyekuja kuinunua. Kisha anasema: Badilisheni mlango wa mbele na ule wa gereji, kwa sababu mtu huamua akiwa bado barabarani. Ng'oeni zulia, chini yake kuna mbao za mwaloni zimelala tangu enzi za bibi yenu. Jiko kwanza, bafu la pili, na msijenge jiko la kifahari kuliko mtaa wenyewe, hakuna atakayewalipa marumaru hizo. Bwawa la kuogelea aliwakataza kabisa. Kwa theluji ya hapa kwetu, alisema, mnunuzi akiona bwawa anawaza gharama ya kulifukia.

Na juu ya yote, mwenye nyumba ajiondoe. Picha za harusi zishuke ukutani, sanamu ya mtakatifu itoke karibu na sinki, vikombe vya mashindano ya uvuvi viingie kwenye maboksi. Watu walinuna. Leland aliwaambia kwa upole kwamba mnunuzi anatafuta mahali pa kuweka picha zake, na za kwenu zimekaa kwenye nafasi hiyo. Baada ya hapo niliitwa mimi na ndoo zangu za rangi aliyoipenda, rangi ya uji mwepesi wa maziwa, isiyomkera mtu wala kumfurahisha mtu. Nimepaka rangi ile hadi naiota usingizini. Leland, hili sijawahi kukuambia: naichukia.

Wengi mnakumbuka habari ya mzee Baumgart, aliyechora samaki wa ziwani ukuta mzima wa bafu lake, mwenye magamba ya kijani na jicho moja kubwa kuliko sahani. Alikuwa anahamia kwa mwanawe, nyumba haina budi kuuzwa, lakini samaki asiguswe. Madalali watatu walishamshindwa. Leland aliketi ukingoni mwa beseni la kuogea, akamsikiliza mchana kutwa: samaki alivuliwa wapi, nani alikuwa naye kwenye boti, mke wake alisema nini alipomwona ukutani. Mwishowe mzee mwenyewe akaomba brashi amfunike samaki wake. Nyumba ilipata mnunuzi wikiendi ile ile. Sisi wengine tungefika na karatasi ya bei na kufukuzwa.

Nje ya kazi hakuwa na mapumziko. Alikwenda kula Sikukuu ya Shukrani kwa dada ya mkewe, na kabla bata mzinga hajakatwa alishawaonyesha ukuta upi uvunjwe. Arlene, mkewe, alimpiga teke chini ya meza. Lilimpata mchungaji.

Arlene Prokop alikuwa mpishi mkuu wa shule kwa muda mrefu, na wengi wetu tulilelewa na sahani zake kabla hatujamjua mumewe. Nyumbani kwao alikuwa na jiko jembamba, makabati ya njano, simu ukutani, na dirisha linalotazama gereji ya jirani. Ukuta mmoja ulitenga jiko na chumba cha kulia. Kila tulipokwenda, Leland alikuwa anaugongagonga kwa vidole akisikiliza, na Arlene alikuwa anamwambia aache ukuta wake.

Majira ya kiangazi mwaka juzi waliamua kuuza nyumba yao, waende kuishi Tennessee karibu na binti yao Jolene. Arlene alitangulia kwenda kumsaidia Jolene aliyejifungua. Leland akaona ndiyo nafasi yake. Alitaka kumpa mkewe bei nzuri kuliko zote alizowahi kumpatia mtu, na tena iwe zawadi ya kushtukiza. Alivunja ukuta. Makabati ya njano aliyapeleka kwenye duka la hisani la vifaa vya zamani, akafunga mengine meupe, laini, yasiyo na vishikio, yale unayoyasukuma kidogo yanafunguka yenyewe. Simu ikatoka, picha zikaingia kwenye maboksi. Mimi nikapaka uji. Denny Rizzo, dalali, alizunguka humo ndani mara mbili, akasema hiyo ndiyo nyumba bora aliyowahi kukabidhiwa.

Kusahausahau kwa Arlene kulishaanza kabla ya safari. Funguo, majina, sufuria iliyoachwa motoni. Leland aliyaona, akayaita uchovu.

Aliporudi kutoka Tennessee tulikuwepo, na keki. Arlene alisimama mlangoni na koti lake, akatazama huku na huku, akawasifu wenye nyumba kwa kuwa na mahali pazuri namna ile. Kisha akamgeukia mumewe: "Leland, tumekaa vya kutosha. Twende nyumbani."

Tulicheka. Arlene alikuwa mtu wa mizaha, tukadhani ni mzaha. Leland peke yake hakucheka.

Tangu hapo kila jioni alivaa koti na kungoja mlangoni apelekwe kwake. Makabati yalimshinda, alipapasa mbao zile nyeupe akitafuta mahali pa kushika, hakupata, akalia kwa aibu ya mgeni asiyetaka kusumbua watu. Mpishi wa watoto mia nne hakuweza kujichukulia kikombe. Daktari alimweleza Leland kwamba ugonjwa ulikuwepo tayari, na ungekuja hata kama asingegusa msumari. Leland alimshukuru. Hakumwamini, na sidhani kama anamwamini hadi leo.

Nyumba ilipata mnunuzi haraka, kama alivyopanga. Leland akaiondoa sokoni, akasema atarudisha jiko kama lilivyokuwa. Rizzo alimfuata hadi kazini tulikokuwa, akamwambia mbele yetu sote kwamba anaishusha thamani nyumba kwa mikono yake mwenyewe, yeye, Leland Prokop, wa kwanza kujua. Leland alikubali kwamba ni kweli. Alikuwa anapima mbao na hakuinua kichwa.

Halafu akamwomba Gwen kitu ambacho hakuwahi kuomba tangu aajiriwe, msaada. Bosi wetu anayejulikana kwa kutosimamisha kazi hata kwa dhoruba ya theluji alisimamisha kazi zote, akatupeleka pale na malori yote mawili. Tulijenga upya ukuta ule, mahali pake pale pale, tukijua kwamba tunaharibu kazi nzuri. Makabati ya njano yalikuwa yameshanunuliwa na bwana mmoja wa Meadville, ameyafunga kwenye banda lake la uwindaji, ana risasi na mitego humo. Aliposikia ni ya nani, kumbe alikula shuleni kwa Arlene. Aliyang'oa mwenyewe akatuletea, na hakutaka kusikia habari ya malipo. Njano ya zamani ya kuta niliipata nyuma ya bomba la kupashia nyumba joto, kipande kidogo kama ukucha ambacho uji wangu haukukifikia. Nilichanganya rangi nikamwaga, nikachanganya tena, hadi ikawa ile. Sijawahi kupaka ukuta kwa moyo wangu wote isipokuwa ule.

Tulipomaliza, Jolene, aliyekuwa amekuja na mtoto, alimwingiza mama yake kutoka matembezini. Arlene alivua koti. Hakuambiwa na mtu. Alilivua, akalitundika nyuma ya mlango, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la pili, akalifungua bila kulitazama na kushusha vikombe. Akatia maji, akatia kahawa. Alikuwa anaimba kidogo. Sisi tulibanana chumba cha kulia, nyuma ya ukuta wetu mpya, tukichungulia mlangoni, watu wazima na nyundo zetu, hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Alitugawia kahawa mmoja mmoja kwa adabu ya mwenye nyumba. Wa mwisho alikuwa Leland, mwenye vumbi la plasta hadi kwenye nyusi. Alimpa kikombe, akamgusa mkono.

"Umefanya kazi nzuri, fundi," alimwambia. "Usiondoke kwanza. Mume wangu yuko njiani, atafurahi sana kukuona."

Leland alivua kofia. "Ahsante, mama," alisema. "Nitamngoja."

Akaketi.

Sasa mnajua kwa nini anastaafu kabla ya wakati, na kwa nini hatahamia Tennessee wala kwingineko. Anakwenda kukaa katika jiko jembamba lenye dirisha la kutazama gereji, lisilomvutia mnunuzi yeyote wa mji huu, na humo ndimo mkewe anamojua kila kitu kilipo. Asubuhi nyingine, anatuambia, Arlene humwita kwa jina lake na kumgombeza kuhusu viatu vyenye tope. Asubuhi nyingi humwita fundi.

Leland, kampuni inakushukuru kwa nyumba zote ulizoziandaa kwa ajili ya watu usiowajua. Mimi nakushukuru kwa ile moja tu. Tunakutakia kahawa ya moto na afya ya kuinywa. Na tunakutakia asubuhi, ziwe nyingi kadiri inavyowezekana, ambazo Arlene atainua macho kutoka kwenye birika, akuone umeketi mezani, na ajue kwamba mumewe amefika.