Kifuu Nusu kwa Tuli

Nyuma ya soko la mji wa Ba, pale teksi zinapopanga foleni, kuna benchi la mbao lenye mguu mmoja wa tofali, na mbele yake beseni la plastiki la bluu ambalo mchana wa Jumamosi halikauki. Madereva wanakunywa kava hapo, maji ya mzizi uliosagwa yanayolegeza mwili, jicho moja kwenye foleni. Jumamosi hiyo teksi tano zilikuwa zimesimama. Mbili za mbele zilikuwa za vijana waliolala humo ndani, midomo wazi. Ya tatu ilikuwa ya Waisake, ambaye kijiwe kizima kinamwita Tuli, kwa sababu miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyegawa kava na hakumwaga hata tone. Mwaka huu anamwaga. Anatembea kama mtu anayeburuta mkeka, na akipiga makofi ya heshima kabla na baada ya kunywa, viganja vinapishana. Wenzake wanazijua dalili za kava kuliko wanavyoyajua majina ya wajukuu wao, wakakata shauri: Tuli kazidisha. Wakampokonya ugawaji, na mwezi wa pili sasa anapewa kifuu nusu, ambacho kijiweni wanakiita maji kupwa, huku wenyewe wakinywa maji kujaa, kifuu mpaka ukingoni. Alikaa mwisho wa benchi, mkono wa kushoto mfukoni. Kwenye mfuko wa shati kulikuwa na karatasi ya hospitali aliyopewa Alhamisi, inayosema asiguse usukani mpaka dawa zijaribiwe na arudi kupimwa. Hakuwa amemwonyesha mtu, hata mkewe.

— Kupwa kwa Tuli, akasema Bisun Deo, Mhindi mnene wa hapo Ba, anayeitwa Hakimu kwa kupenda kutoa hukumu. Ndiye anayegawa siku hizi.

— Hata kupwa yenyewe umeipunguza, Tuli akasema.

— Kaka, ni kwa faida yako. Ukikaa sawa tutakurudishia kujaa.

Tuli alikipokea kifuu kwa mkono wa kulia peke yake, akanywa haraka, akakirudisha. Hakupiga makofi. Hakimu aliliona hilo, akachota cha mwingine.

Teksi ya kwanza ikapata abiria, ikaondoka. Tuli akainuka kusogeza gari lake, hatua fupi fupi. Aliliwasha, likatambaa, na mguu ukachelewa kufika kwenye breki. Bampa lake likaligusa gari la mbele, kidogo tu, yule kijana hata hakuamka.

— Umeona? Kava hiyo, Hakimu akamwambia Ilaitia, dereva wa gari la tano, anayeitwa Redio kwa kuwa hakosi taarifa ya saa sita.

Tuli alirudi kwenye benchi. Sasa alikuwa wa pili. Akatazama lango la soko, watu wanatoka na vikapu. Akasema, bila kumwangalia mtu:

— Shemeji yangu wa Tavua amekwenda hospitali. Mkono unamtetemeka. Sasa hebu niambieni, mtu kaenda na mkono, daktari anamuuliza habari za choo.

— Choo kipi? Hakimu akauliza.

— Choo, bwana. Eti anapata choo kila siku? Ameanza lini kufunga? Shemeji akaona anadharauliwa.

Redio akaweka kifuu chini. Mambo kama haya ndiyo anayoyangoja.

— Hajadharauliwa. Nimelisikia hilo redioni, wiki mbili hazijapita. Huo ni ugonjwa wa Parkinson. Ndani ya utumbo kuna bakteria, mabilioni kwa mabilioni, wazuri na wabaya. Wakivurugika, mtu anaanza kufunga choo. Miaka kumi, kumi na tano. Halafu ndo mkono unafuata.

— Utumbo na mkono wapi na wapi?

— Kuna mshipa wa fahamu, Hakimu. Unatoka tumboni mpaka kwenye ubongo, moja kwa moja.

— Kwa hiyo bakteria anapanda.

— Hapandi yeye. Anaharibu kitu huko chini, uharibifu ndo unapanda.

— Daktari hakusema hivyo, Tuli akasema, kisha akajirekebisha. — Hakumwambia shemeji hivyo. Alisema bado wanachunguza. Hawajui tumbo ndilo lililoanza au kichwa.

— Daktari anaogopa kusema, Hakimu akatoa hukumu. — Mimi nakwambia ni mashimo ya barabara. Shemeji yako anafanya kazi gani?

Tuli akasita. — Dereva.

— Si unaona? Kutwa nzima amekalia utumbo. Barabara ya Tavua unaijua ilivyo. Bakteria wanarushwa juu, wanarushwa chini, mwisho wanachoka, wanahama.

— Wanahamia wapi? Redio akauliza.

— Kwa abiria.

Bi Vilisi akacheka. Ndiye anayewauzia kava ya unga, kibanda chake kimegusana na benchi, na hapo hapo hukaanga samaki wa wateja wengine.

— Nyie wazee mnasingizia barabara, akasema. — Ni samaki wa kopo. Babu zetu walikula mihogo na majani ya magimbi, mliona nani anatetemeka? Siku hizi mnapika kopo asubuhi, kopo jioni. Bakteria wa watu wamekuwa kama mabati.

— Mama, babu yako alifunga choo, ni vile tu hakukwambia, Redio akasema. — Sikilizeni. Dawa ipo. Kuna nchi wanachukua choo cha mtu mwenye tumbo zima, wanamwekea mgonjwa.

Hakimu akamwangalia muda mrefu. — Wanamwekea wapi?

— Mlango wa nyuma.

— Acha kutupiga kamba.

— Nakuapia. Wanataka bakteria wake wazuri. Hawajasema kama inaponya, wanajaribu tu. Sasa binamu, Redio akamgeukia Tuli, na kwa Redio na Tuli utani ni haki yao tangu mama zao, — umtafutie shemeji mchangiaji. Hakimu tumbo lake ni la chuma, anakula pilipili na hatoi hata jasho.

— Mimi sitoi, Hakimu akasema.

— Na shemeji akiwekewa cha Hakimu, ataamka anadai roti na chai ya maziwa.

— Ataamka na akili, kitu ambacho kwenu hakipo.

— Atatoa hukumu wodi nzima. Wauguzi watahama.

Wote wakacheka, na Tuli alicheka nao, lakini jicho halikutoka langoni. Mzee mmoja na magunia mawili ya viazi akaliendea gari la mbele, akagonga kioo. Kijana akaamka. Gari la mbele likaondoka, na sasa la mbele lilikuwa lake.

— Sogeza gari, Tuli, Hakimu akasema.

— Liko karibu, linatosha.

— Halitoshi, binamu, umeacha uwanja wa mpira.

— Nimesema linatosha.

Alilisema kwa ukali ambao hawakuuzoea. Ni hapo samaki wa Bi Vilisi alipoungua. Alikuwa amegeuka kusikiliza mambo ya mlango wa nyuma, na mafuta yakashika moto chini ya kikaango. Moshi mzito ukashuka kwenye benchi. Hakimu akajifunika pua kwa shati. Redio akaruka upande wa pili, anakohoa. Tuli, ambaye moshi ulimpitia usoni, alikuwa angali anatazama langoni, mgongo kwa kibanda. Hakugeuka.

Bi Vilisi alikitoa kikaango, akasimama nacho mkononi, akimtazama.

— Waisake, akasema. Hapo kijiweni hakuna anayemwita jina hilo. — Nini kimeungua?

— Kimeungua wapi?

— Unasikia harufu gani?

Tuli akageuka, akaona kikaango, akaona moshi. — Samaki, akasema.

— Umemwona. Nimekuuliza unasikia harufu gani.

Tuli akageukia lango tena. Redio, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alikuwa amekumbuka sehemu ya mwisho ya ile taarifa. Akasema polepole:

— Walisema pua pia. Pua inakufa mapema, pamoja na tumbo. Binamu, mkeo hana kaka, na dada yako hakuolewa Tavua. Dada yako aliolewa Suva.

— Nafahamu dada yangu aliolewa wapi.

— Sasa huyo shemeji...

— Nyamaza, Ilaitia, Hakimu akasema.

Walikaa. Hakimu alitazama kile kifuu, akawaza miezi miwili ya maji kupwa, na uso wake mpana ukaonekana kuwa na aibu. Tuli aliiona aibu hiyo na ikamuudhi kuliko kucheka kwao. Alitaka waendelee na mashimo ya barabara, na samaki wa kopo, na roti za Hakimu. Alitaka waseme upuuzi mpaka jioni.

Langoni akatoka mwanamke kijana, mtoto mgongoni, fungu la majani ya magimbi mkono mmoja na mtungi wa mafuta mkono wa pili. Alilifikia gari la mbele, akachungulia, akaona hamna mtu. Akaja kwenye benchi.

— Nakwenda Koronubu. Dereva wa lile la mbele ni nani?

Kila mtu kijiweni alijua jibu. Redio aliangalia viatu vyake. Bi Vilisi akaanza kukwangua kikaango kisichohitaji kukwanguliwa. Hakimu, mwenye gari la pili, alikaa kama amegandishwa, kwa sababu hapo Ba kumruka mwenzako zamu ni kumzika angali anakuona.

— Samahani, mwanamke akarudia. — Dereva ni nani?

Tuli akautoa mkono wa kushoto mfukoni. Ulikuwa umeshika ufunguo, na ufunguo ulikuwa unagongana na pete ya kuutundikia, ti-ti-ti-ti, mtoto mgongoni akageuza kichwa kuutafuta mlio.

— Nilikuwa mimi, mama, akasema. — Panda hilo la pili. Huyu mnene atakufikisha.

Hakimu akainuka. Lakini kabla hajaondoka aliinama kwenye beseni, akachota kifuu mpaka kwenye ukingo, maji kujaa, akampa Tuli kwa mikono miwili. Tuli alikipokea kwa mikono miwili pia. Nusu ilimwagikia magotini mwake. Alikunywa iliyobaki, na wote wanne wakapiga makofi mara tatu.